Usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa majini. Samaki wa Kigombe apewe usiku gani?

Barua ya wazi kwa wakurugenzi na wahariri wa vipindi wa redio na televisheni zetu, na kwa waheshimiwa mnaosimamia utangazaji na elimu

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Nawaandikia kwa sababu ya Ijumaa moja ya mwezi uliopita. Niliingia Kidato cha Pili kufundisha uainishaji wa viumbe nikakuta darasa zima limelegea, wengine vichwa vimelala juu ya madawati. Nikauliza kuna nini. Wakatazamana. Mwisho msichana mmoja wa kiti cha mbele akasema, "Mwalimu, jana kulikuwa na kipindi."

Kipindi chenyewe, cha simulizi za majini, nakijua, na ninyi mnakijua. Huanza saa tano usiku wa kuamkia Ijumaa. Taa zikizimwa, mtoto anaingiza simu chini ya shuka. Mtangazaji anashusha sauti, nyuma yake unasikia upepo na fisi kwa mbali, kisha mtu anapiga simu na kusimulia. Safari hii alikuwa dereva aliyempakia mwanamke wa buibui njia panda. Manukato yamejaa gari zima, mwanamke mzuri kupita kiasi, hadi dereva alipotupa jicho chini akaona kwato za punda. Yule msichana alinisimulia yote bila kuruka kitu, hadi rangi ya buibui. Nikauliza nani mwingine ameisikia. Mikono ikapanda darasa zima.

Nikauliza tena: nani amewahi kusikia habari za silikanti?

Ilipanda mikono miwili. Wa kwanza alidhani ni aina ya saruji. Wa pili ni kijana wa kijiji cha Kigombe, mtoto wa mvuvi. Alisema, "Baba aliwahi kumpata kwenye jarife. Akamrudisha baharini. Walisema ni samaki wa shetani, macho yake yanawaka."

Waheshimiwa, sijalala vizuri tangu siku ile, na si kwa sababu ya kwato.

Huyo aliyetupwa baharini ni nani? Wataalamu walikuwa wakimjua kwa mabaki yake kwenye mawe tu. Ukoo wake umeanza miaka milioni 400 hivi iliyopita, kabla ya dinosaria, kabla ya ndege, kabla ya mnyama yeyote anyonyeshaye. Katika mawe ya miaka kama milioni 66 iliyopita alama zake zinakatika, ikaaminika amekwisha pamoja na dinosaria. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, dada aliyekuwa akisimamia makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Akaona pezi la buluu limechomoza katikati ya rundo la papa. Dereva wa teksi hakutaka kulibeba lile samaki kwa harufu yake, hadi alipobanwa. Mtaalamu J.L.B. Smith alipoletewa mchoro alijua anatazama kitu ambacho hakikupaswa kuwa hai.

Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14. Alichapisha matangazo yenye picha ya samaki yule na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Mwaka 1952 akapatikana Komoro, kwa ndugu zetu, na ikajulikana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua siku zote na wanamwita gombessa. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Tanzania, kusini huko Kilwa. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga wakaanza kuwapandisha mmoja baada ya mwingine katika majarife ya papa wanayoyashusha kwenye maji ya kina kirefu, na Kigombe ni miongoni mwa vijiji vilivyowapata zaidi. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa kwetu. Hifadhi nzima imepewa jina la samaki, na watoto wa mji huu wanadhani ni saruji!

Niruhusuni niseme kidogo alivyo. Kwa mbali utadhani chewa mkubwa. Rangi yake buluu iliyokolea, na juu yake madoa meupe ambayo hayafanani kwa samaki wawili, kiasi kwamba wapiga mbizi humtambua mmoja mmoja kwa madoa yake. Magamba ni mazito kama deraya. Machoni ana utando unaorudisha mwanga, kama wa paka, kwa sababu mchana hujificha katika mapango ya chini ya bahari na usiku hutoka kuwinda kwenye giza. Huo ndio "moto" aliouona mzee wa Kigombe. Kwenye pua ana kiungo kinachonusa umeme, ule umeme mdogo sana unaotoka katika mwili wa kiumbe aliyejificha. Hatagi mayai; huzaa watoto hai, na utafiti uliotolewa mwaka 2021 unakadiria mimba yake huchukua miaka kama mitano na umri wake hufika karibu miaka 100. Kwa hesabu hiyo yupo pengine mmoja chini ya maji ya Kigombe leo ambaye alikuwa tayari anaogelea siku ile Desemba 1938 walipokuwa wakishangaa kwamba ukoo wake haujafa.

Na mapezi yake! Yana shina la nyama, na ndani ya shina mna mifupa iliyopangwa kwa namna ya mkono. Akiogelea, pezi la mbele la kulia huenda pamoja na la nyuma la kushoto, kisha kinyume chake, vile vile punda anavyopeleka miguu akitembea upesi. Mlikuwa mkitafuta kiumbe cha usiku, macho yanayong'aa, mwendo wa punda. Tunaye. Yuko kweli, yuko hapa kwetu, na hakuna mtangazaji hata mmoja aliyewahi kumshushia sauti.

Sasa nisieleweke vibaya. Mimi ni Mwislamu, najua majini yametajwa wapi, na sikuandika barua hii kubishana na imani ya mtu. Bibi yangu wa Pangani alitukalisha barazani akitusimulia habari za mizimu, na usimulizi ule ulinifundisha kusikiliza. Lakini bibi alikuwa akimaliza hadithi anatuambia tukalale, na ni hadithi. Hakuwa akipokea simu kutoka kwa mgonjwa, hakuwa akisema "huu ni ushuhuda wa kweli", na hakuwa na tangazo la mganga katikati ya hadithi. Ninacholalamikia ni kwamba mnafungua jambo, mnalijaza hofu, halafu mnaliacha pale pale lilipoanza kuwa zuri. Swali linazaliwa na kuuawa ndani ya dakika hiyo hiyo.

Chukueni mfano wa kukabwa. Nimesikiliza vipindi vyenu kwa wiki kadhaa nikiwa na daftari, na simu nyingi mno zinahusu jambo hilo: mtu ameamka usiku, hawezi kuinua hata kidole, kifua kizito, kuna kitu kimemkalia au kimesimama mlangoni. Jinamizi. Mtangazaji anauliza, "Lilikuwa na sura gani?" Hilo tu. Hakuna hata siku moja aliyeitwa daktari kueleza kinachotokea, na kinachotokea ni ajabu kubwa. Tunapoota, ubongo huifungia misuli ya mwili karibu yote. Laiti usingeifungia, kila anayeota anakimbia angekimbia kweli na kujigonga ukutani. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa. Macho yanaona chumba chako, mlango wako, chandarua chako, na ndoto bado inaendelea juu ya chumba hicho hicho. Pumzi unaona nzito kwa sababu misuli ya kifua unayoizoea imelala, umebaki unavuta pumzi kwa kiwambo tu, ule msuli ulio chini ya mapafu. Baada ya muda mfupi kufuli linafunguka. Humpata zaidi mtu asiyepata usingizi wa kutosha, kwa hiyo mtoto anayekesha kusikiliza habari za jinamizi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kukabwa nalo alfajiri.

Nilipowaeleza wanafunzi haya, yule msichana wa kiti cha mbele alikaa kimya sana. Baada ya kengele akanifuata ofisini. Alikuwa akikabwa tangu mwaka jana. Mama yake alikwisha kulipa fedha mara mbili kwa watu wa kumwondolea. Aliniuliza swali moja, nalo ni zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu: "Sasa mwalimu, ubongo unajuaje kwamba nimelala?"

Swali kama hilo likikosa wa kulijibu, hofu hujaza nafasi yake, na hofu ina gharama. Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walilala nje makundi kwa makundi wakiogopa popobawa, na katika taharuki hiyo mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu. Kule Kanda ya Ziwa bibi wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao hadi serikali, Januari 2015, ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Hakuna kati ya hayo lililoanzishwa na kipindi cha redio; hilo nalisema kwa haki. Ila masikio yaliyozoeshwa kila wiki kwamba kila lisiloeleweka lina mtu au pepo nyuma yake, hayo ndiyo yanayompokea mpiga ramli.

Mimi lililonifika ni la jirani.

Pwani hii tunaposema degedege kila mzazi anajua: mtoto ana homa, ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono inarukaruka. Wazee wetu waliliita kwa jina la ndege, wakaamini kuna kitu cha usiku kimepita juu ya nyumba, na kwamba mtoto wa hivyo asipelekwe hospitali kwanza maana sindano itammaliza. Jirani yangu, mama mwenye akili zake na mapenzi yote kwa mwanawe, alikuwa amesikia redioni mganga mmoja akijitangaza kwamba anayatoa mambo hayo. Kumbukumbu ya namba ile ya simu ndiyo iliyomjia saa nane usiku. Mtoto alifukizwa moshi hadi jua lilipotoka. Hospitali walipompima ilikuwa malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Alipona, namshukuru Mungu. Ana miaka tisa sasa, na maneno yanamtoka kwa shida. Kila asubuhi ananisalimia ukutani, "Shi-ka-moo mwalimu," na mimi naitikia nikiwa nimeshika ukuta.

Mkoa huu huu ndio wenye kituo cha Amani, ambako utafiti wa malaria ulifanyika kwa miaka mingi. Korogwe ni miongoni mwa mahali ambapo watoto wa Kitanzania walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya kwanza kupendekezwa duniani. Mbu jike mmoja, kijidudu ndani ya mate yake kinachojificha kwenye ini siku kadhaa kabla ya kuingia kwenye damu, chembe za damu zinazonata kwenye mishipa myembamba ya ubongo mpaka mtoto anakakamaa: nionyesheni hadithi ya jini inayotisha kuliko hiyo. Tena hii mwisho wake upo mikononi mwetu, kwa kipimo cha dakika 15 na dawa ya mseto, mtoto akiwahiwa kabla haijapanda kichwani.

Mapango ya Amboni nitayataja kwa kifupi tu, kwani kila mgeni hupelekwa. Anaambiwa njia inakwenda hadi Mombasa, na kwamba mbwa aliyepotelea humo alitokea Kilimanjaro. Uchunguzi wa mwaka 1994 ulionyesha refu kuliko yote halifiki kilometa moja. Wengine huona hilo linaondoa utamu. Mimi nimepeleka wanafunzi mle nikawaambia waweke kiganja ukutani: jiwe hili ni chokaa, lilikuwa sakafu ya bahari enzi za dinosaria, na lililochimba pango hili ni maji ya mvua yaliyochanganyika na hewa ya ukaa, yakila jiwe kidogo kidogo. Tone likaanguka kutoka juu likampiga mmoja shingoni. Akapiga kelele, kisha akacheka, kisha akainua tochi kutazama lilipotoka. Alikaa hapo muda mrefu. Jioni tukasubiri popo watoke, maelfu, mdomo wa pango ukiwa mweusi kwa mbawa, na hakuna hata mmoja aliyegonga mwenzake, maana kila mmoja anapiga ukelele tusioweza kuusikia na kuusoma mwangwi wake. Vijana waliokuwa wakiogopa kuja kwa sababu ya mizimu hawakutaka kuondoka.

Na kama mnadhani watoto wetu hawawezi kuanzisha jambo, mkumbukeni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa Kidato cha Tatu, Magamba, Lushoto, mkoa huu huu. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Kwa haraka ya kuwahi nafasi kwenye jokofu aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hadi alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu mbele ya wanafunzi wenzake waliomcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na hadi leo wanafizikia wa dunia nzima wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la kijana wa Magamba. Hebu jaribuni kufikiri angekuwa na mazoea ya kuambiwa "hayo ni mambo ya ajabu, tuyaache kama yalivyo".

Basi naomba nini?

Kwenu wahariri, sisemi mfute kipindi. Naomba usiku mmoja. Usiwe saa nne asubuhi Jumatano watu wakiwa kazini, akasomewa msikilizaji karatasi kwa sauti ya kuhesabu magunia. Hapo ndipo mlipotukosea sana, maana sayansi mmeipa saa mbovu na msomaji aliyechoka, majini mkayapa fundi wenu bora wa kusimulia. Nampenda yule mtangazaji wenu, nasema kweli. Anajua kunyamaza pale panapotakiwa. Mpeni silikanti. Mpeni Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamasai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava nyeusi isiyo na joto la kuifanya ing'ae mchana, ambayo ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mpeni Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani 16 kilichoshuka kutoka mbinguni kikalala Ndolezi. Wekeni upepo na fisi, sitalalamika.

Na mtu akipiga simu kusema amekabwa, au mwanawe amekakamaa, kuwe na daktari kwenye laini usiku huo huo. Matangazo ya waganga wanaodai kuponya kila kitu yasikae ndani ya kipindi ambacho msikilizaji ametiwa hofu kwanza. Tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Waganga wa kweli wanajulikana huko, wala hawahitaji fisi.

Kwenu mnaotoa leseni, mnapima matusi na mnapima siasa. Pimeni na hili la mtu kumtangazia mzazi tiba ya mtoto mwenye homa saa sita za usiku.

Kwenu wa elimu, naomba kitu kidogo kabisa: nauli. Kutoka shuleni kwangu hadi Amboni ni mwendo wa dakika chache kwa gari, na nina wanafunzi wa Kidato cha Nne wasiowahi kufika. Hadi Kigombe ni mbali kidogo, lakini ni njia ya Pangani tu.

Nilikwenda Kigombe Jumapili iliyofuata, nikamtafuta yule mzee aliyemrudisha samaki baharini. Nilimkuta ufukweni anashona jarife. Nilimweleza niliyowaeleza ninyi hapa. Alinyamaza, akaendelea kushona, kisha akaniambia kwamba samaki yule alipokuwa bado ndani ya ngalawa alikuwa akipeleka mapezi polepole, moja huku moja kule, "kama mtu anayetambaa," na kwamba ameliwaza jambo hilo kwa miaka yote hii bila kumwambia mtu. Anasimulia vizuri kuliko mimi. Amekubali kuzungumza redioni iwapo mtamfuata, ila mje bamvua likiwa limeisha, maana maji yakiwa makubwa hayupo nyumbani.

Wenu,
Mwalimu wa biolojia, Tanga